Aliyechorwa Chali

Katika kabati la maabara, hapa Tukuyu,
kati ya mzani uliopinda na chupa ya mjusi,
kuna kipande cha plasta, nakala ya jiwe la mbali.
Juu yake amelala mnyoo mfupi kuliko ukucha wangu,
aliyeishi baharini kabla samaki hawajaota taya,
kabla Rungwe haujawaza kutema moto.

Mvua ya Aprili inapiga bati, hatusikilizani.
Nasubiri ipungue. Haipungui. Nafundisha kwa kupayuka:

"Wataalamu walipompata walimchora chali!
Miiba ya mgongoni wakasema ni miguu.
Miguu yenyewe, kwa kuwa ni laini,
wakasema mikono ya kutafutia chakula.
Na kichwa, jamani, kile walichokiita kichwa
kilikuwa doa, maji ya tumbo
yaliyokamuka tope lilipomlalia."

Kidato cha Tatu wanacheka. Lugano anacheka hadi anashika dawati.
Mimi nimeshafika Lwangwa, jikoni kwa bibi Tupokigwe,
utomvu wa ndizi umemganda vidoleni,
ananisimulia babu Asajile kwa miiba tu:
alivyompiga teke mbwa wa jirani,
alivyouza ng'ombe wa mahari ya dada yake,
alivyopanda ndege ya Wenela bila kugeuka nyuma
kwenda kuchimba dhahabu ya watu huko Joni.
Hakurudi. Hata barua.
"Jiwe," alisema bibi. "Yule alikuwa jiwe."

Ndivyo tulivyomrithi.
Mtoto akiwa mkorofi aliitwa Asajile
siku mbili tatu, mpaka atubu.

Nilikuwa darasa la sita alipokuja mzee mmoja kutoka Kyela,
mapafu yake yamejaa vumbi la kule,
kila neno akilinunua kwa kikohozi.
Akakaa kizingitini. Akasema:
mimi nililala kitanda cha juu, Asajile cha chini.
Akasema usiku Asajile alikuwa akisuka
vikeka vya nyuzi za magunia, upana wa kiganja,
anasuka, anafumua, anasuka tena,
eti mkewe ndivyo afanyavyo akiwa na mawazo.
Akasema wale ng'ombe walilipia hospitali.
Hospitali ya nani, hakusema.
Bibi akatazama pembeni.
Akasema mgodi ulishuka alfajiri, na baada ya mawe
likaja tope. Hawakumfukua.

Bibi hakulia. Aliendelea kumenya
ndizi ile ile iliyokwisha menywa,
kisu kikiila nyama nyeupe taratibu,
mpaka ikamwishia mkononi.

Kigumu hubaki chenyewe, hakiombi msaada.
Kilaini kinahitaji tope la ghafla, zito, lisilo na hewa,
na mtu wa kulipasua baada ya miaka milioni mia tano
kwa nyundo, akiwa na subira.
Mnyoo huyu alibahatika. Babu sijui.
Maana yule mzee naye, nani alimhakiki?
Huenda alimgeuza kwa huruma tu,
baada ya safari ndefu na uji wa moto.
Huenda kichwa ninachokitunza miaka yote hii
ni doa.

Mvua imekatika bila kuaga. Nakusanya madaftari.
Lugano amemchora chali vilevile,
amemsimamisha juu ya miiba yake
kama mtu anayetembea juu ya misumari
na kujifanya haumii.
Kalamu nyekundu iko tayari.
Nasita. Naligeuza daftari, juu chini.

Amepatia. Miguu yote saba saba, laini, inakanyaga.
Ila maandishi yake sasa ndiyo yamelala chali.

Nampa saba kwa kumi.